Moto wa Makaa: Kwa Wewe Unayeambiwa Usahau

 

Leo naongea na mtu mmoja tu. Ni wewe ambaye kila ukilia unaambiwa, "Sahau, mama. Yaliyopita yamepita. Mwamini Mungu." Umejaribu. Umefunga, umekesha, umewekewa mikono. Halafu unapita mahali fulani au unasikia sauti fulani, na yote yanarudi kama ya jana. Sasa umeanza kujiuliza kama imani yako ina kasoro.

Neno langu kwako ni hili: kukumbuka si dhambi, wala si upungufu wa imani. Mungu alikuumba na ubongo unaotunza. Nipe dakika chache nikueleze unavyotunza. Ukielewa, utaacha kujihukumu. Na sisi tunaokuzunguka tutajua namna ya kukaa nawe bila kukuumiza.

Hapa kwetu somo hili si la vitabuni. Jumatatu tarehe 3 Februari 2020, saa ya kwenda nyumbani, watoto wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikanyagana kwenye ngazi za jengo la madarasa. Watoto 13 walifariki siku ile, hesabu ikapanda baadaye, na wengine wengi wakajeruhiwa. Mji wote ulilia. Waliokuwa wadogo siku ile sasa ni vijana. Kuna mzazi ambaye hadi leo sauti ya viatu vingi vikishuka ngazi kwa haraka inamsimamisha moyo. Utamwambia mtu huyo asahau kwa mdomo gani?

*UBONGO SI KABATI*

Wengi tunafikiri kumbukumbu ni kama picha kwenye albamu: imewekwa mahali pamoja, ukiitaka unaitoa, usipoitaka unaichana. Sivyo ilivyo.

Mwaka 1972 mwanasaikolojia Endel Tulving alitenganisha aina mbili za kumbukumbu. Ya kwanza ni ya kujua tu. Unajua makao makuu ya kaunti yetu ni mji wa Kakamega, lakini hukumbuki siku uliyojifunza hilo. Ya pili ni ya kuliishi tena jambo lililokupata: siku ya ubatizo wako, baridi ya maji, nani alikushika mkono, wimbo uliokuwa unaimbwa. Hii ya pili hubeba pamoja nini, wapi na lini.

Wazee wetu waliijua hii kabla ya vyuo vikuu. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua akaitwa Wafula au Nafula. Wa mavuno akaitwa Wekesa au Nekesa. Wa njaa akaitwa Wanjala au Nanjala. Na kule Rosterman, mzee asiye na cheti cha kuzaliwa angekuambia alizaliwa wakati wa dhahabu, maana ile miaka ya 1930 wachimbaji walijaa Kakamega. Tukio lilibeba majira, na majira yakabeba jina.

Sasa ingia ndani ya kichwa. Unapopitia jambo, macho yanapeleka habari sehemu moja ya ubongo, masikio sehemu nyingine, ngozi sehemu nyingine, pua nyingine. Vipande vimetawanyika. Ndani zaidi, upande wa kulia na upande wa kushoto, kuna sehemu ndogo inayoitwa hipokampasi. Jina lake linatokana na umbo lake, linalofanana na yule samaki anayeitwa farasi wa baharini. Kazi yake ni kufunga vipande hivyo pamoja. Fikiria mama anayetoka shambani na kuni. Vijiti vilikuwa vimetapakaa kila mahali, yeye akavikusanya akavifunga kamba moja. Baadaye ukivuta kijiti kimoja, mzigo wote unasogea.

Ndiyo maana harufu moja tu, au kona moja ya barabara, inakuletea siku nzima. Umevuta kijiti kimoja.

Na kamba hiyo inashika sana mahali. Mwaka 1971 mwanasayansi John O'Keefe, akifanya kazi London, alieleza seli za hipokampasi ya panya ambazo huamka panya anapofika sehemu fulani tu ya chumba. Kila sehemu ina seli zake. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobeli mwaka 2014 pamoja na wenzake wawili. Hipokampasi inayochora ramani ya mahali ndiyo hiyo hiyo inayofunga matukio. Kwa hiyo ndugu anayeizunguka barabara fulani ili asipite mahali ajali ilipotokea si mwoga. Ubongo wake umeliweka tukio hapo.

Mungu anaujua ubongo huo. Israeli walipovuka Yordani aliwaagiza wachukue mawe kumi na mawili, na yakasimamishwa Gilgali, ili watoto wakiuliza maana yake wasimuliwe. Alitaka kumbukumbu iwe na mahali pa kusimama.

*KUMBUKUMBU NI KITU CHA MWILI*

Mwanasayansi Eric Kandel alitumia miaka mingi kuchunguza konokono wa baharini, kiumbe mwenye seli chache za neva lakini kubwa. Aligundua kwamba kumbukumbu ya kudumu inapojengwa, viungo kati ya seli na seli vinabadilika. Protini mpya zinatengenezwa, viungo vipya vinaota. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2000.

Umeona, mpendwa? Jambo lililokupata limeacha alama ya mwili ndani yako, kama kovu kwenye goti. Hakuna anayekemea kovu.

Na kabla hujaomba Mungu afute kila kitu, sikia habari za Henry Molaison wa Marekani. Alisumbuliwa na kifafa kikali. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari alimfanyia upasuaji na kuondoa sehemu kubwa ya hipokampasi yake pande zote mbili. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku ile hakuweza kutunza tukio jipya la maisha yake. Mtafiti Brenda Milner alifanya kazi naye kwa miaka mingi, na kila walipokutana alimsalimia kama mgeni. Alifundishwa kuchora nyota akiutazama mkono wake kwenye kioo, akawa bora siku baada ya siku, huku akiamini kila mara kwamba hajawahi kuifanya kazi hiyo. Mikono ilijifunza, lakini yeye hakukumbuka. Aliishi hivyo hadi alipofariki mwaka 2008 akiwa na miaka 82.

Huyo ndiye mtu asiyeongeza jana yoyote. Hakubeba majonzi mapya ya muda mrefu, ni kweli. Lakini hakubeba pia rafiki mpya, wala shukrani mpya, wala ushuhuda mpya.

Mama, siku ile mbaya imefungwa kwenye kamba moja na asubuhi yake, ulipomfunga vifungo vya sweta akacheka. Kisu kikipita kwenye kamba hiyo, hakitachagua.

*KWA NINI YALE MACHUNGU YANASHIKA ZAIDI*

Karibu kabisa na hipokampasi kuna sehemu nyingine ndogo, umbo la lozi, inaitwa amigdala. Hii ndiyo inayopiga king'ora cha hatari. Ukiogopa sana, mwili unamwaga homoni kama adrenalini, na amigdala inaiambia hipokampasi: hili usilipoteze. Ni rehema, kwa maana aliyesahau mahali nyoka alipomuuma hakai sana.

Lakini king'ora kina tabia yake. Kinaandika kwa herufi kubwa kile kilichokuwa katikati ya hofu, na pembeni kinaacha maandishi hafifu. Ndiyo sababu mtu anaweza kukumbuka rangi ya kiatu kimoja, asikumbuke kabisa nani alimrudisha nyumbani. Usimshuku. Usimwambie, "Mbona hadithi yako ina mapengo?" Ubongo wa binadamu aliye katika hofu ndivyo unavyoandika.

Na kuna jambo lingine la kutunyenyekeza. Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka kikipaa. Asubuhi iliyofuata mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu karatasi waandike: ulikuwa wapi, ulisikia kwa nani, ulikuwa unafanya nini? Miaka miwili na nusu baadaye, yeye na Nicole Harsch wakawauliza tena 44 kati yao. Takriban robo walikosea kila swali kuu. Watatu tu ndio waliopata yote. Na wengi waliokosea walikuwa na hakika kabisa. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, baadhi walisema mwandiko ni wao, lakini bado wakashikilia kumbukumbu mpya.

Sisi Wakenya tuna siku yetu, tarehe 7 Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, lililoua zaidi ya watu 200. Uliza nyumbani kwako leo jioni, kila mwenye umri huo akueleze alisikia habari hiyo wapi. Utasikia masimulizi yenye uhakika mwingi. Halafu waulize waliokuwa pamoja siku ile kama wanakubaliana.

Mimi na ndugu yangu mkubwa hatukubaliani kuhusu mazishi ya baba yetu. Yeye anasema mvua ilianza kabla jeneza halijashushwa. Mimi naona jeneza likishuka kwenye jua, na mvua ikaja tulipokuwa tunaweka maua. Hakuna picha ya kuamua. Kila mmoja anaiona mvua yake waziwazi, na hakuna anayedanganya. Tumekubaliana kwamba tulimpenda baba, na chai ikinywewa tunaachia mzozo hapo.

Nasema hili kwa sababu familia nyingi zimevunjika hapa. Mmoja anakumbuka baba alisema shamba la chini ni la nani, mwingine anakumbuka vingine, na tayari neno "mwongo" limetoka. Ndugu, kabla hujamwita ndugu yako mwongo, kumbuka kwamba watu wawili wanaweza kutoka kwenye siku moja na kumbukumbu mbili, wote wakiwa na mioyo safi. Leteni karatasi, leteni mashahidi, leteni wazee. Lakini acheni kulaaniana.

*KILA UKIKUMBUKA, UNAFUNGUA MZIGO*

Sasa sikia sehemu iliyo muhimu kuliko zote.

Mwaka 2000 mtafiti Karim Nader na wenzake, wakichunguza panya, walionyesha jambo la kushangaza. Kumbukumbu ya hofu iliyokwisha kukomaa, ikiamshwa, inakuwa laini tena kwa muda. Ni lazima ubongo uijenge upya ili ibaki. Wanasayansi bado wanachunguza jambo hili linavyofanya kazi kwa wanadamu. Lakini kwamba kukumbuka ni kujenga, na si kucheza kanda iliyorekodiwa, hilo limeonekana tena na tena.

Maana yake ni nini kwako? Kila unapoisimulia siku yako, unaufungua ule mzigo wa kuni na kuufunga tena. Na kile kilichopo unapoufunga kinaweza kuingia ndani. Ukiisimulia ukakemewa, aibu inafungwa pamoja na uchungu. Ukiisimulia mtu akakushika mkono akanyamaza nawe, mkono ule nao unafungwa ndani. Safari nyingine mzigo ukija, utakuja na mkono huo.

Tazama alivyofanya Bwana wetu.

Usiku ule wa kukamatwa kwa Yesu, Petro alisimama uani akiota moto. Yohana anasema ulikuwa moto wa makaa. Hapo, katika joto hilo na harufu hiyo, alimkana Bwana mara tatu. Jogoo akawika. Niambie, unadhani kuanzia siku ile Petro aliweza kupita karibu na jiko la makaa salama? Sisi tunaopika kwa jiko tunaijua harufu ile. Na pua ina njia fupi kwenda amigdala na hipokampasi kuliko macho na masikio.

Sasa fungua Yohana 21. Yesu amefufuka. Petro anatoka ziwani akiwa amelowa, na anakuta nini ufuoni? Moto wa makaa. Neno hilo la Kigiriki linapatikana mara mbili tu katika Agano Jipya lote, kwenye moto ule na kwenye moto huu. Bwana mwenyewe ameuwasha. Ameweka samaki na mkate. Kwanza anawalisha. Kisha anamuuliza Petro swali la upendo, mara tatu, kama makano yalivyokuwa matatu.

Hakumwambia Petro asahau. Alimrudisha kwenye harufu ile ile, akiwa na chakula tumboni na rafiki pembeni, na kwenye mzigo ule ule akaongeza kijiti kipya: kazi ya kulisha kondoo. Tangu hapo moto wa makaa ukawa na habari mbili ndani yake, na ya mwisho ilikuwa ya neema.

Nawajibu pia wanaotoa Wafilipi 3 kuwanyamazisha waliofiwa. Soma sura yote. Paulo anaposema kuhusu kuyaacha ya nyuma, tayari ameyataja moja moja: kabila lake, Ufarisayo wake, jinsi alivyolitesa kanisa. Anakumbuka vizuri sana. Alichokataa ni ya nyuma kumzuia asikimbie mbele.

*TUFANYE NINI?*

Kwa wewe unayekaa na aliyeumia: sikiliza. Usimlazimishe kusimulia kabla hajawa tayari. Shirika la Afya Duniani halishauri mtu aliyetoka kwenye msiba akalishwe kikao kimoja na kuchokonolewa kila kitu. Mpe chai, mpe blanketi, kaa naye. Akianza mwenyewe, usimalizie sentensi zake na usimwongezee maelezo, kwa maana maneno yako yanaweza kuingia kwenye kumbukumbu yake akayabeba kama yake.

Kwa wewe unayeumia: lala. Katika usingizi ubongo unapanga na kuimarisha yaliyokupata. Kesha ni njema, lakini mtu aliyefiwa wiki hii hahitaji kesha tano mfululizo. Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Ikiwa siku ile inakurudia kana kwamba inatokea sasa, ndoto zinakuamsha, unakwepa watu na mahali, na mwezi mmoja umepita bila nafuu, mwone daktari au mshauri nasaha. Kwenda hospitali hakupunguzi maombi. Nitakuombea, na ukitaka nitakusindikiza.

Kwa wewe mwenye ushuhuda: uandike mapema. Tarehe, mahali, nani alikuwepo. Ushuhuda ukisimuliwa mara ishirini madhabahuni unaweza kukua bila wewe kujua, na Mungu hahitaji chumvi yetu. Daftari la shilingi hamsini litalinda ukweli wako.

Na kwa kijana uliyekuwa mtoto mwaka 2020 hapa mjini: hujachelewa. Ukiwa tayari, tafuta mtu mmoja salama. Utaongea kidogo, utanyamaza, utaongea tena siku nyingine. Hakuna atakayekupigia saa.

*TUOMBE*

Baba, wewe unayetukumbuka tukiwa mavumbi, asante kwa ubongo uliotupa. Mkumbuke anayesoma sasa huku machozi yakimtoka. Usimwondolee sura ya mpendwa wake. Mwondolee aibu. Mwashie moto ufuoni, mlishe kwanza, kisha useme naye. Na utufanye kanisa ambalo mtu anaweza kufungua mzigo wake ndani yake na kuufunga tena ukiwa mwepesi kuliko alivyokuja nao. Katika jina la Yesu. Amina.

Mpendwa, kuna mtu ulimwambia asahau. Mpigie leo, umuulize tu, "Unamkumbuka vipi?" Halafu nyamaza usikilize. Kama ni wewe unayehitaji kusikilizwa, usiandike hapa mbele ya watu wote. Nitumie ujumbe faraghani, au uje Jumatano kabla ya ibada. Nitakuwepo, na chai itakuwepo.

Mchungaji wenu, Lurambi